Kopo la Mgeuza Shingo

Siku tuliyomzika mume wangu nilicheka makaburini, na kwa kuwa watu wa Shelui wamelisambaza jambo hilo mpaka Singida mjini kwa namna wanayojua wao, naona heri nilieleze mwenyewe. Mchungaji alikuwa amesimama karibu na jeneza, anahubiri kwa utaratibu wake, ndipo Maganga akajipenyeza katikati ya watu. Maganga ni Msukuma wa upande wa Nzega, mtani wa marehemu, na mtani akishaingia msibani huna la kumfanya. Alishika kikombe cha plastiki kama kipaza sauti, akasimama ubavuni mwa Mchungaji na kuanza kumtafsiri. Mchungaji akasema, "Ndugu yetu amelala." Maganga akasema, kwa ile sauti nzito ya puani aliyoitumia mume wangu kazini, "Hapa jamaa anajifanya amelala. Msiogope, stelingi hafi." Mchungaji akasema, "Tumwombee mjane." Maganga akanitazama, akasema, "Anauliza huyu mama nywele zake anapaka nini." Kisha akatoa ndani ya koti kopo kuukuu la kijani lenye mfuniko wa rangi ya dhahabu, akaliweka juu ya jeneza kwa adabu, kama mtu anayeweka shada. Nilikuwa nimelia siku tatu mfululizo. Nilipoliona lile kopo kilinitoka kicheko ambacho sikujua kama bado ninacho, na wifi yangu akanifinya mkono mpaka ukabaki na alama.

Mume wangu aliitwa Yona, ila tangu ujana wake watu walimwita Profesa, kwa sababu alikuwa mtafsiri wa filamu kwenye banda la video pale Shelui, kando ya barabara kuu, malori yanaposimama. Mwaka ninaousimulia alikuwa bado si mume wangu. Alikuwa kaka wa ukuta wa pili, basi. Mimi nilikuwa nimemaliza Form Four mwaka uliotangulia, nimetoka Mgori na sanduku moja, najifunza ususi kwa Mama Naomi, mama wa Kinyiramba mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na vidole laini kupita vyote nilivyowahi kuviona. Saluni yake na banda la video vilikuwa jengo moja lililogawanywa kwa ukuta wa tofali za tope. Aliyejenga ukuta ule aliishiwa tofali kabla hajafika kwenye bati, akauacha hapo hapo. Basi kila kitu kilipita kwa juu: harufu ya nywele zinazoungua ilikwenda kwao, na vilio, risasi na ugomvi wa mawifi vilikuja kwetu. Hata umeme tuligawana. Jenereta lilikuwa moja, limefungwa mnyororo kwenye mwarobaini wa uani, na Mama Naomi akiwasha drayer tu, picha kule bandani inasinyaa na stelingi anaanza kuongea kama mlevi. Hapo Profesa hugonga ukuta mara tatu. Mama Naomi hujibu bila kuinua kichwa, "Mteja wangu hajakauka," na filamu inasubiri mteja akauke.

Kopo lilionekana mara ya kwanza mchana mmoja wa kiangazi, nilipokwenda bandani kumwambia Profesa kwamba mafuta ya jenereta yanakaribia kuisha. Kwenye televisheni kulikuwa na mwanamke wa Kinigeria, tajiri, amekaa mbele ya meza ya kioo, analia. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Mimi niliangalia mezani, maana msusi akiona meza ya kioo jicho lake haliendi kwingine, na pale nyuma ya kiwiko chake, katikati ya marashi, nikaona kopo la kijani, mfuniko wa dhahabu, picha ya mwanamke aliyegeuza shingo kutazama nyuma. Tulikuwa nalo kopo lile. Tulikuwa nayo kumi na mawili, rafu ya juu, yameletwa na dereva wa lori kutoka Dar es Salaam, na tangu yaje hatukuwa tumefungua hata moja. Yalikuwa mafuta ya nywele mazuri, lakini Shelui mtu hapaki kitu ambacho hajakiona kwenye kichwa cha mtu mwingine. Wateja wetu walikuwa wa mafuta ya alizeti, waliyokamua wenyewe, na walikuja nayo kwenye chupa za soda. Basi nilisahau habari ya jenereta nikasema kwa sauti, "Hilo kopo ni letu."

Watu wapatao thelathini waligeuka. Profesa alishusha kipaza sauti akauliza kopo gani. Nikaenda nikaweka kidole kwenye kioo cha televisheni. Kuna aliyesema arudishe nyuma, akarudisha, yule mwanamke akalia upya. Walirudisha mara tatu, na kila mara alipoanza kulia watu wa nyuma walisema, "Mama, sogeza kiwiko." Mzee muuza ngozi, aliyekuwa akikaa benchi la mbele kila siku kama ana miadi, alitafakari kisha akauliza, "Kwa hiyo huyu tajiri na Mama Naomi wananunua mahali pamoja?" Kabla jua halijashuka wanawake kumi na mmoja walikuwa wamefika saluni, si kusuka, bali kulishika kopo tu. Waliligeuza, wakalinusa likiwa limefungwa, wakalilinganisha na kumbukumbu zao. Kufikia kesho yake lilikuwa limeshapewa jina: Mgeuza Shingo.

Mama Naomi hakusoma sana, lakini alikuwa mtu wa kuona mbali. Alimwita Profesa chakula cha mchana. Nakumbuka chakula chenyewe kwa sababu nilikipika mimi: ugali wa uwele, mlenda, na kuku mzima wa kienyeji, ambaye kwa kawaida hakuchinjwa pale bila harusi au mgeni wa serikali. Profesa alipoona paja limewekwa upande wake alijua ameitiwa jambo. "Shikamoo Mama," alisema kwa mara ya pili, kwa tahadhari. "Marahaba. Kula." Akala. Mama Naomi akamweleza kwamba kuanzia siku ile, kila mafuta, sabuni, poda au rangi ya kucha ya kweli itakayoonekana kwenye filamu, na ambayo saluni inayo, yeye aitaje na aseme inapopatikana. Naye atakula hapa kila mchana mpaka achoke. Profesa alitafuna kwanza. Kisha akauliza swali ambalo kwa mtafsiri lilikuwa la maana sana: "Na kama vitu vimeonekana wakati mtu anakata roho?" Mama Naomi akamwongezea mlenda. "Kwani anayekata roho hana nywele?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kukaa bandani kila asubuhi na daftari, Profesa anapoipitia filamu kabla ya kuionyesha. Banda la asubuhi, bila watu, lilikuwa chumba kingine kabisa. Mabenchi ya mbao yalikuwa yamelala kichwa chini, sakafu imenyunyiziwa maji, na mwanga uliingia kwenye matundu ya misumari ya bati ukatoboa giza vipande vipande. Profesa alikaa kwenye kreti la soda, mimi kwenye ndoo. Niliandika: meza ya kioo, losheni ya pinki, haipo kwetu. Bafuni, sabuni ya kipande, ipo. Mjakazi anampaka bibi arusi, kopo halionekani vizuri, usitaje. Nilikuwa mkali katika kazi hiyo. Nilikataa kutaja kitu ambacho sikukiona kwa macho mawili, na mara nyingine tulibishana dakika nzima kama kifuniko ni cha dhahabu au ni mwanga wa taa.

Ilinichukua kama wiki mbili kugundua jambo jingine. Profesa alipokuwa akiipitia filamu, alizima sauti. Alikaa pale akitazama midomo na nyusi za watu, mara anacheka, mara anasema "Alaa, kumbe ni dada yake," na hakuna sauti yoyote isipokuwa jenereta. Siku moja nikamuuliza, "Kaka, mbona husikilizi?" Alisema, "Sauti inanichanganya." Nikakaa na jibu hilo siku nzima. Wakati wa kuosha wateja nililigeuza, wakati wa kufagia nywele nililigeuza, na ilipofika jioni nilikuwa nimeelewa kwamba Profesa wa Shelui, ambaye wazazi walimtolea watoto wao kama mfano, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni kwa ajili ya mkataba wa Mama Naomi. Leo sina sababu ya kuficha: nilikuwa nimeanza kupenda jinsi anavyotazama watu.

Nina mabinti wawili sasa. Wakitazama tamthilia kwenye simu huisimamisha, wanaikuza kwa vidole viwili mpaka nyuma ya mhusika pabaki chenga, kisha wanataja aina ya losheni iliyoko dirishani, na kabla sijamaliza kuosha vyombo wameshaiagiza. Wanaona wamebuni kitu. Baba yao alikuwa akikaa nao kwenye kochi akiwauliza, "Hebu zimeni sauti kwanza, huyu kaka ana nia gani?" Nao walimwambia, "Baba, maandishi yapo chini." Alikuwa ananyamaza, lakini najua hakuwahi kuyasoma yale maandishi. Aliyaona kama watu wanaopita mbele ya televisheni.

Miezi ile ya katikati ya mwaka tulishiba. Profesa alikuwa na kipaji cha kuunganisha mambo. Jambazi alipokuwa anamfunga kamba mke wa waziri, Profesa alisema, "Anamwambia tulia, usiharibu nywele, Mgeuza Shingo si ya kuchezea, inapatikana ukuta wa pili." Kwenye filamu moja mama mzee alikuwa anatupia udongo kaburi la mwanawe wa pekee, banda zima linafuta machozi, na Profesa kwa sauti ya kukatika akasema, "Mwanangu umeondoka... na poda uliyopakwa kwa Mama Naomi bado inanukia." Watu walilia na kucheka pamoja, kisha wakaja. Wakaja mpaka wake wa walimu kutoka Ikungi, waliosikia kwa madereva. Mama Naomi akaagiza makopo mengine, na akaniahidi kiti. Hili lilikuwa jambo kubwa. Saluni ilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, chake. Mimi nilisukia wateja kwenye mkeka. Alisema mwaka ukiisha salama atanunua cha pili, na kitakuwa changu, na nitakuwa msusi mwenye kiti. Mwaka usipoisha salama ningerudi Mgori, ambako jembe langu lilikuwa limeegeshwa ukutani likinisubiri kwa uvumilivu mkubwa. Nilikiwaza kile kiti kama wasichana wenzangu walivyowaza wachumba.

Halafu ikaja ile filamu. Asubuhi yake nilikuwa na haraka, maana kulikuwa na bibi arusi wa kusuka, na mara tu nilipoona kopo la kijani kwenye meza ya kitandani, mapema kabisa, nikaandika "Mgeuza Shingo, safi, halina kizuizi," nikafunga daftari na kuondoka. Sikutazama kilichofuata. Mchana huo bandani palijaa. Mimi nilikuwa saluni, na chini ya drayer alikaa mke wa mwenye hoteli ya madereva, roli za kukunjia nywele kichwani, anasubiri. Kupitia juu ya ukuta tukamsikia Profesa akilitangaza kopo kwa furaha zote: ndilo hilo, linalotumika kwenye majumba ya kifahari, ukuta wa pili kwa Mama Naomi. Mama Naomi akatabasamu. Kisha muziki ukabadilika. Ukawa ule muziki wa kinanda kimoja kinachopigwa polepole, ambao kila mtu Shelui anajua maana yake. Baadaye nilielezwa kilichokuwa kinaonekana: mama mkwe ameingia chumbani kwa kunyata, akafungua kopo, akatoa kichupa kifuani na kumimina ndani. Profesa, ambaye asubuhi alikuwa amekwenda kutafuta mafuta ya jenereta na hakuipitia filamu mpaka hapo, alichukuliwa na ule muziki. Tukamsikia akisema, taratibu, kwa sauti ambayo hata mimi ilinisisimua: "Anatia sumu. Sumu ya nyoka saba. Anasema, huyu binti nywele zitang'oka kwanza, halafu roho."

Drayer ilikuwa bado inavuma. Mke wa mwenye hoteli alinyanyuka chini yake polepole, akamtazama Mama Naomi kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akatoka nje na roli zake zote kichwani. Alivuka barabara kuu bila kuangalia kushoto wala kulia. Lori lilimpigia honi, naye hakugeuka.

Siku tatu zilitosha. Wateja walirudi kuoshwa, wengine mara mbili, wakisimama mlangoni wakitaka maji tu na si sabuni yetu. Mwanamke mmoja ambaye alikuwa na kipara cha pembeni tangu nimjue alileta kipara hicho kama ushahidi. Mwingine alilitupa kopo lake chooni, majirani wakasikia, wakaanza kuogopa choo. Kuku mmoja alikufa karibu na barabara, amekanyagwa na gari, alama za matairi zinaonekana, na bado watu walimzunguka wakisema alionekana akidonoa nyuma ya saluni. Mama Naomi alikaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, anazunguka taratibu, anatazama makopo ishirini na tisa. Wakati wa chakula cha mchana Profesa hakuja. Nilipika ugali mdogo na mchicha, tukala bila kutazamana.

Siku ya nne, asubuhi, Profesa alipokwenda tena kutafuta mafuta, niliingia bandani, nikaweka ile kanda, na nikafungua sauti. Ilikuwa mara ya kwanza sauti ya filamu kusikika asubuhi katika banda lile. Nilisogea mpaka pua ikagusana na televisheni. Nikarudi saluni nikamwambia Mama Naomi kwamba hakuna sumu yoyote. Yule mama mkwe ametoka kanisani, kile kichupa ni mafuta ya upako, anamwekea mkwewe kwa siri ili apate mtoto. Mama Naomi aliacha kuzunguka. "Una uhakika?" Nikamwambia, "Mama, mimi nimemaliza Form Four." Nilisema hivyo kwa namna ya kufunga mjadala, na mjadala ukafungwa.

"Kwa hiyo Profesa hajui Kiingereza," alisema Mama Naomi. "Na wewe ulijua." Alisimama akaenda kwenye dirisha. "Rehema mwanangu, kesho kutwa ni Jumamosi, banda litajaa. Ukisimama ukasema ulichosikia, saluni inapona. Lakini yule kijana hatafungua tena mdomo hapa, na mimi siyo mtu wa kumla mwenzangu ili nishibe. Sikutumi. Wala sikukatazi." Kisha akaongeza, bila hasira, "Ila kiti hakitanunuliwa na makopo yaliyokaa rafuni." Naapa sijawahi kuchukia ukweli kama nilivyouchukia asubuhi ile. Ningeweza kumfanya Profesa awe kichekesho cha barabara nzima kwa sentensi moja, na hiyo sentensi moja ndiyo iliyokuwa kati yangu na jembe.

Nilimpelekea chakula bandani, sahani imefunikwa kwa sahani. Nikamwambia yote. Alikula kwanza mpaka akamaliza, akanawa, ndipo akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulivyosema sauti inakuchanganya."

"Na hukumwambia mtu?"

"Sikumwambia."

Alitazama televisheni iliyozimwa. Alisema alifika darasa la saba, kwamba siku ya kwanza mwenye banda alimuuliza kama anaweza kutafsiri, naye alikuwa na njaa, akasema anaweza. Na kwamba tangu siku ile kila anapokutana na mwalimu njiani moyo unampiga. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kukaa. Nilichukua sahani zangu nikaondoka, na sikumwomba chochote, hilo nalisema kwa sababu wifi zangu wameamini miaka yote kwamba nilimlazimisha.

Jumamosi, banda likiwa limejaa mpaka wengine wamekaa kwenye madirisha, Profesa aliisimamisha filamu katikati ya kupigana. Sisi tulikuwa upande wetu, tumesimama juu ya ndoo mbili, mimi na Mama Naomi, macho juu ya ukuta. "Ndugu watazamaji," alisema, na ile sauti ya puani haikuwepo, "mimi Kiingereza sijui. Sijawahi kukijua. Yote ninayowaambia natoa kichwani." Jenereta likasikika linakohoa. Kisha yule mzee muuza ngozi akasema kutoka benchi la mbele, "Tunajua. Endelea."

"Mnajua?"

"Juzi yule Mchina alisema maneno mawili," kijana mmoja alisema kutoka dirishani, "wewe ukaongea mpaka nikaenda kununua karanga nikarudi."

Profesa alisimama pale kama mtu aliyevunja mlango ambao haukuwa umefungwa. Akajikaza. "Basi mmeelewa. Ile sumu pia nilitunga. Mafuta ya Mama Naomi hayana sumu." Hapo watu walitazamana. Mzee akakuna kidevu. "Hapana, Profesa," alisema kwa upole. "Uongo wako tumeuzoea, haumdhuru mtu. Lakini sumu hatuichezei. Washa filamu." Akawasha. Aliporudi kwetu alikaa kwenye mkeka wangu, na kilichomuuma si kwamba wamemjua. "Miaka miwili," alikuwa anasema, "miaka miwili nakesha nikihofia, na wao wanajua." Mama Naomi alicheka mpaka akashika ukuta, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki ile.

Kisha akaacha kucheka, akasema kwamba maneno yamekwisha kazi, sasa wataona kwa macho. Kichwa chake mwenyewe hakifai, watasema ana dawa ya kujikinga. Changu pia, maana mimi nakula kwake. Kinachotakiwa ni kichwa cha aliyesema sumu. Profesa alikuwa na nywele nyingi, za kuiga mastaa, hazijawahi kuona kitana kizima. Akazishika kwa mikono miwili. Lakini alikubali.

Siku ya mnada wa ng'ombe tulitoa kiti cha kuzunguka nje, tukakiweka kwenye jua, na Profesa akakaa. Watu waliacha ng'ombe. Walitengeneza duara kubwa, hatua kama kumi kutoka kwenye kiti, na kila aliyefika aliheshimu mpaka huo bila kuelezwa. Nilimpaka kopo zima. Kisha tukangoja. Mama mmoja alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, tayari kwa msiba, hataki kukutwa hajajiandaa. Rafiki mmoja wa Profesa alimwita kutoka mbali akitaka kujua ile kanda ya makomandoo amemwachia nani. Mafuta yaliyeyuka, yakashuka kwenye masikio na shingo, nzi wakaja wakaondoka wazima, na watu wakawahesabu nzi. Ilipofika saa tisa alasiri, kwa jua na kwa kuchoka, kidevu kilimwangukia kifuani. "Amekwenda," mtu akasema. Yule mama wa kanga akaachia kilio kilichosikika mpaka kwenye zizi la mnada, wengine wakapokea, na mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kiti niliona dunia inazunguka. Profesa akashtuka usingizini, akafuta mate, akauliza, "Nani amefariki?"

Aliyekuwa wa kwanza kuvuka duara ni yule yule mama aliyelia. Alimshika nywele, akazivuta, akanusa vidole vyake. "Zimelainika," alitangaza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Kufikia jioni tulikuwa tumebakiwa na makopo manne, na Desemba kiti changu kilikuja juu ya lori la mahindi, kimefungwa kamba miguu juu.

Wanaosimulia huishia hapo. Lakini kabla ya yote hayo, nilipokuwa nimefungua kopo na vidole vimeshachota, watu wote wamenyamaza, Profesa aliongea bila kugeuza kichwa, kwa sauti ya chini ambayo haikufika kwenye duara.

"Rehema."

"Abee kaka."

"Una hakika yale ni mafuta ya upako?"

Nilikuwa na jibu langu la Form Four, limeshanisaidia kwa Mama Naomi. Lilifika mpaka mdomoni. Niliona kisogo chake, kovu dogo la utotoni, na jasho linalotiririka kwenye kola ya shati la kuazima alilovaa ili awe nadhifu siku ile, na nikashindwa.

"Nilisikia mafuta, mtoto, na Yesu," nilimwambia. "Mengine walisema haraka."

Angeweza kusimama, na hakuna ambaye angemlaumu. Niliona mabega yake yakipanda, kisha yakashuka.

"Basi paka," alisema, akainamisha kichwa.